Chumba cha Safari

Simu ilikuwa sakafuni, mbele ya mlango uliofungwa kwa ufunguo, kwa kuwa soketi pekee iliyokuwa nzima katika nyumba ile ilikuwa hapo. Mama Pasi naye alikuwa sakafuni, mgongo ukutani, akiichunga kama mtu anayechunga maziwa yasije yakafura na kuzima moto. Saa mbili usiku muuguzi alikuwa amemwambia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuyasema maneno hayo mara arobaini siku hiyo, "Nenda nyumbani, mama. Hapa hatulazi mabibi. Akijifungua tutapiga." Sasa ilikuwa saa saba na nusu, na hakuna aliyepiga. Kampuni ya simu tu ndiyo iliyotuma ujumbe wa kumtakia usiku mwema na kumshauri aongeze salio.

Aliitwa Mama Pasi kwa sababu alikuwa mpiga pasi katika dobi la hoteli kubwa kuliko zote pale ufukweni. Kwa miaka ishirini na miwili watu wa kila rangi walikuwa wamelalia mashuka aliyoyanyoosha yeye, na hakuna hata mmoja aliyejua kuwa yupo. Binti yake wa pekee alikuwa wodini anajifungua mtoto wa kwanza. Mumewe alikuwa kwenye kochi, kavaa sare ya kazi na viatu, fungu la funguo kiunoni, kinywa wazi, anakoroma.

Alikuwa fundi lifti. Zamu yake ya usiku ilikuwa ya kuitwa, basi alilala kama askari wa zimamoto, tayari kukimbia. Jina lake la kweli lilikuwa kwenye kitambulisho na halikutoka humo. Mtaa mzima, tangu muuza magazeti hadi meneja wa hoteli, ulimwita Mwakani.

Na hakuonewa. Alikuja mji ule kwa mkataba wa miaka miwili, na begi moja. Miwili ilipokwisha, akasema mwakani anarudi kwao. Alimleta mkewe, akasema mwakani wanarudi. Mtoto akazaliwa, mtoto akaanza shule, mtoto akamaliza shule, na baba mtu bado yuko mlangoni na begi. Miaka ishirini na minne. Karamu ya kwanza ya kumuaga ilifanyika mwaka wake wa sita. Wenzake walichanga wakamnunulia saa ya ukutani, na mpishi mkuu akatoa machozi. Jumatatu iliyofuata Mwakani alikuwa ndani ya shimo la lifti, akieleza kuwa kuna mambo hayajakaa sawa. Karamu ya pili alipewa sanduku la magurudumu. Ya tatu meneja alisoma hotuba na kumkabidhi cheti chenye fremu kilichoandikwa "Hatutakusahau". Nafasi ya kumsahau hawakuipata, maana wiki moja baadaye alikwenda ofisini kwake kudai mafuta ya kulainishia nyaya. Ya nne walileta keki, wakaikata wenyewe, wakaila wenyewe, na dada wa mapokezi akauliza kwa upole kama ile saa ya ukutani bado inatembea, kwa sababu kuna mtu anastaafu kweli.

Mara mbili walikwenda kwao likizo. Huko Mwakani hakumaliza sahani bila kuusifu mji wa huku, barabara zake na taa zake na maji yasiyokatika. Ndugu zake walimsikiliza mpaka wakaanza kupiga miayo. Aliporudi huku, akaanza kusifu huko: hewa ya huko, watu wa huko, hata mbu wa huko walikuwa na adabu, wanauma mara moja na kwenda zao. Mkewe aliwahi kumwuliza, "Kwani hakuna mahali unapopasifu ukiwa hapo hapo?" Akasema swali hilo halina kichwa wala miguu.

Ndugu waliamini kwamba wanaishi baharini, na picha zilikuwapo. Zilipigwa alfajiri kwenye baraza ya hoteli kabla wageni hawajaamka, Mwakani kakunja nne kwenye kiti cha kupumzikia, mkononi glasi ya maji yenye kipande cha limau. Dakika tano baadaye alikuwa ameshafuta kiti na kuosha glasi. Kuogelea hajaogelea hata siku moja, na mara chache alizokanyaga mchanga aliukanyaga na soksi. Madirisha yao, la jikoni, la sebule na la chumbani kwao, yote yalitazama mgongo wa dobi, kwenye mabomba yanayotema mvuke. Mchana Mama Pasi alishinda ndani ya mvuke ule, jioni akarudi nyumbani kuutazama ukitoka.

Ila kulikuwa na chumba cha pili. Na hapo ndipo ulipokuwa ule mlango.

Hoteli za mji ule zina tabia ya kujichoka. Kila baada ya miaka minne au mitano zinatupa kila kitu: vitanda, mapazia, taa, mabomba, hata vitasa vya milango, vyote vizima, kwa sababu mwaka huo rangi ya kahawia imeonekana ya kizamani. Wafanyakazi wageni kama wao husubiri kwenye geti la nyuma, na vitu vile huenda kwenye nyumba ambazo wanasema wanazijenga kwao. Mwakani alikuwa wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Alileta taa ya kioo yenye matone mia na ishirini, iliyotakiwa kutundikwa mahali penye dari la juu kama la ukumbi. Alileta vichwa sita vya vitanda, ingawa walikuwa watu watatu. Alileta sahani ishirini na nne zenye ukingo wa dhahabu, na kibao cha shaba chenye namba 614, kwa sababu ambayo hata mwenyewe hakuijua, ila kilikuwa kizuri. Mwishoni alileta hodhi la kuogea, refu kama kitanda, akalipandisha ngazi ghorofa nne na wanaume watatu waliokuwa wakimtukana kila ghorofa. Jengo lile lilikuwa na lifti, tena haikuwa mbovu sana, lakini hata wakati huo ilikuwa imekufa mwaka wa tatu. Mwenye nyumba alikuwa amemwomba Mwakani aitazame. Akajibu kwamba haina maana kuanza, wao ni watu wa kuondoka.

Vyote hivyo viliingia chumba cha pili. Walikiita chumba cha safari. Wazazi walilala chumba cha kwanza, vyombo vikalala cha pili, binti akalala kwenye kochi la sebuleni, anafanya hesabu za shule juu ya ubao wa pasi. Alipokuwa na miaka saba aliuliza, "Baba, kwa nini hodhi lina chumba na mimi sina?"

"Huku tunapita tu, mwanangu. Mwakani utakuwa na chumba chako, chenye madirisha mawili."

"Na hodhi litalala wapi?"

Baba alicheka mpaka akakohoa, akasema mtoto huyu atakuwa wakili. Hakuwa wakili. Akawa mpokeaji wageni kwenye hoteli nyingine, akahamia bweni la wafanyakazi siku ile ile waliyomruhusu, na usiku wa kwanza akapiga simu kusema neno moja tu: "Mama, nina mlango."

Baadaye akaolewa na mpishi wa meli ya watalii, mume mzuri, shida yake ni kwamba hata yeye alikuwa hayupo. Angerudi baada ya miezi minne. Bwenini hawakuruhusu watoto. Mama mkwe wake, katika mji wa mbali, mwendo wa saa sita kwa gari, alikuwa amepaka chumba rangi na kutuma picha. Ndipo jioni ile, kwenye teksi ya kwenda hospitali, binti alipomshika mama yake mkono.

"Mama, nakuambia sasa kabla maumivu hayajanishika vizuri. Nikitoka nikakuta kile chumba kimefunguliwa, pana mahali pa kitanda, nitakaa. Nikikuta kimefungwa, siingii hata kunywa maji. Shemeji yangu yuko mjini na gari lake la vinywaji. Likiwa tayari kuondoka, atanipitia hapo chini anipeleke kwa mama mkwe."

"Kwenye kochi, mwanangu, kwa muda tu..."

"Kwenye kochi nimekaa kwa muda tu miaka kumi na tisa."

Hayo ndiyo yaliyomkalisha Mama Pasi sakafuni. Mtoto kuzaliwa ni kazi ya binti na wauguzi. Mlango ulikuwa kazi yake.

"Baba yake," akaita.

"Mmh."

"Amka. Niachie ufunguo."

"Wa lifti?"

"Wa lifti nitakwenda nao wapi? Wa hapa." Akaugonga mlango kwa kiwiko.

Mwakani akafungua jicho moja. "Usiku huu?"

"Usiku huu. Nianze kutoa kidogo kidogo."

"Utavunja sahani."

"Sahani zina miaka kumi na minane hazijaona chakula. Hata zikivunjika hazitajua zilikuwa za nini."

"Mle vitu vimepangwa kwa hesabu, mama. Ukitoa kimoja, vyote vinakuja. Na kwani mtoto mchanga anakula nafasi kiasi gani? Hivi." Akaonyesha kuanzia kiganja hadi kiwiko. "Halafu, mwakani si tuna..."

Mkewe alimtazama. Alikuwa na namna moja ya kutazama aliyoipata kazini, ya kutafuta mkunjo kwenye shuka jeupe. Mwakani akameza neno lililobaki, na simu ikalia. Wote wawili wakaruka. Ilikuwa ya Mwakani. Watu wawili na mbwa walikuwa wamenasa kwenye lifti ya hoteli, kati ya ghorofa ya tano na ya sita, na mbwa alikuwa ameanza kutapika.

"Waambie wasiguse kitu!" alipiga kelele akiwa tayari ngazini. "Niko njiani! Nafungua sasa hivi!"

Mama Pasi alisikiliza viatu vyake vikishuka ngazi mbili mbili, na funguo zote zikicheza kiunoni, huo wa chumba cha safari ukiwamo. Kwa mbwa wa watu anakimbia, aliwaza. Basi hasira zikampanda, naye hakuwa mwanamke wa hasira, alikuwa mwanamke wa wasiwasi. Akasimama, akaupiga mlango teke moja, la kisigino, kwa miaka yote ile.

Ndani, kitu kikalia kiii, kama kinawaza. Kikanyamaza. Kikalia tena. Halafu kikaanguka, na kilipoanguka kikaita vingine, mpaka jirani wa ghorofa ya chini, mshona mapazia, akagonga dari yake kwa fimbo ya ufagio.

Mama Pasi alibaki ameshika mdomo. Akaketi tena sakafuni, safari hii mbali kidogo na mlango, kama mtu asiyehusika. Kisha akainuka, akachomoa simu, akachomeka pasi, akanyoosha nguo za mtoto. Alipozimaliza akazinyoosha tena.

Simu ililia saa kumi na moja alfajiri. "Mtoto wa kike," muuguzi alisema. "Wote wazima. Njoo saa sita umchukue, vitanda havitoshi." Mama Pasi alisema asante mara sita, na mara mbili za mwisho simu ilikuwa imeshakatwa.

Mwakani alirudi kumekucha, ananuka mafuta na mbwa. Alipoambiwa alikaa chini akalia waziwazi, akifuta macho kwa kitambaa cha kufutia nyaya mpaka paji la uso likawa jeusi. Halafu akafanya alichokuwa akifanya kila lilipomfika jambo kubwa: akampigia simu mdogo wake, anayekaa kwenye nyumba waliyoijenga huko kwao, na kwa furaha akaweka sauti ya juu ili mkewe naye asikie.

"Nimepata mjukuu! Wa kike! Mwakani tunakuja naye, msafishe kile chumba cha mbele!"

"Hongera sana, kaka! Mungu amkuze!" Kisha sauti ikashuka. "Chumba cha mbele hiki hiki?"

"Kwani kuna kingine? Kile chenye madirisha mawili."

"Kaka, mle tunafugia vifaranga. Mia tatu. Taa inawaka usiku kucha, ukifungua mlango wanapata baridi."

"Vifaranga? Kwenye chumba cha binti yangu? Ungeniuliza! Si nilikuambia nakuja?"

"Ulisema, kaka."

"Nasema kila mwaka!"

"Ndiyo maana, kaka," mdogo wake alisema bila ubaya wowote, na nyuma yake vifaranga walisikika wakilia.

Mwakani aliitazama simu baada ya kukata, kama inavyotazamwa lifti ambayo ukibonyeza nne inakupeleka mbili. Mkewe alikuwa na maneno ya kutosha, miaka ishirini na miwili ya maneno, lakini aliona kuwa vifaranga wameyasema vizuri zaidi. Mwakani akanyanyuka. Akatafuta ufunguo kwenye fungu, ulikuwa mdogo kuliko zote na umeingia kutu, akauingiza kwenye kitasa, ukazunguka. Akasukuma.

Mlango ukaenda upana wa vidole viwili, ukagota.

Akasukuma kwa bega. Vidole viwili. Akarudi nyuma hatua tatu, akajitupa. Vidole viwili, na maumivu ya bega.

"Kuna kitu kimeangukia mlango," alisema. Akaingiza tochi kwenye upenyo, akachungulia. "Hodhi. Limelala kati ya mlango na vichwa vya vitanda. Lilikuwa limesimama vizuri kabisa. Limeangushwa na nini?"

"Pengine limechoka kusimama," mkewe alisema, akatazama upande mwingine.

Alipokuja mshona mapazia wa ghorofa ya chini, aliwakuta wote wawili wamepiga magoti mbele ya upenyo. Alikuwa mjane, mgeni kama wao, aliyewatangulia mjini kwa miaka mitatu, na mdomo wake alikuwa ameuacha bila pindo.

"Shemeji, hongera ya mjukuu. Na usiku nilidhani hatimaye mnahama, nikasema moyoni, na karamu hatujala."

"Si wakati wa mzaha, shemeji. Mlango umenasa."

"Wewe si ndiye fundi wa watu walionasa?"

"Wale wako ndani wanataka kutoka. Huku niko nje nataka kuingia. Ni kazi mbili tofauti."

"Mpigie fundi basi. Atakuambia mwakani."

Saa tatu ikapita, ikapita saa nne. Mwakani alijaribu nondo, akajaribu jeki ya gari aliyoazimwa na muuza magazeti, akajaribu kumwaga mafuta sakafuni ili hodhi liteleze, akateleza yeye. Bawaba za mlango zilikuwa upande wa ndani. Saa tano mkewe akafunga kitambaa kichwani, akabeba nguo za mtoto.

"Nenda kamchukue," Mwakani alisema, jasho linamtiririka. "Mkirudi mtakuta wazi."

Ahadi zake Mama Pasi alizijua kwa uzito, kama anavyojua shuka lililokauka na lisilokauka kwa kulinyanyua tu. Hii aliinyanyua, akaona uzito wake haujui. Akaenda.

Hospitalini binti alikuwa ameshavaa, amekaa ukingoni mwa kitanda, na kwenye kiti mwanamke mwingine alikuwa ameshakaa akikisubiri kitanda hicho. Mtoto alikuwa mwekundu, amekunja uso kama mteja asiyeridhika. Mama Pasi alimpokea, akamnusa kichwani, akasahau kila kitu kwa muda wa dakika nzima.

"Kimefunguliwa?" binti akauliza.

Mama Pasi hakuwa hodari wa uongo. "Ufunguo uko mlangoni," akasema.

Binti akacheka, akashika tumbo kwa maumivu ya kucheka. "Mama, umekaa na Baba mpaka unaongea kama yeye. Nimeuliza kimefunguliwa?"

"Kwa vidole viwili."

"Basi." Akatoa simu, akamwandikia shemeji yake. Mama aliona vidole vyake vinavyokwenda, akasoma kichwa chini, kwa kuwa macho yake hayakuwahi kupumzika: *Saa tisa, chini ya jengo.*

Walichukua teksi. Walipoingia mtaani kwao, dereva akapunguza mwendo, watu walikuwa wamejaa barabarani wametazama juu. Kwenye roshani za hoteli mbili, ya kulia na ya kushoto, wageni walikuwa wamesimama na nguo zao za kuogelea, simu zimeinuliwa, wengine wanapiga makofi. Ubavuni mwa jengo lao, upande wasioutazama kamwe, mtu alikuwa ananing'inia kwenye kamba iliyofungwa kwenye nguzo ya tangi la maji, kavaa mkanda wa usalama wa shimo la lifti, miguu inapapasa ukuta.

"Yule si Baba?" binti alisema.

"Usitazame," Mama Pasi alisema, yeye mwenyewe anatazama kwa macho yote mawili na roho juu. "Usimwambie mtoto."

Mtu yule akalifikia dirisha la ghorofa ya nne, akalipiga ngumi, akaingiza mkono. Kiwiliwili kikaingia, miguu ikabaki nje inapiga hewa kwa muda uliowafurahisha sana wageni, kisha ikavutwa ndani kiatu kimoja kimoja. Makofi yakavuma. Mzee mmoja mwenye taulo begani alimwuliza mshona mapazia, aliyekuwa pale chini kama mwenye shughuli, kama onyesho litarudiwa jioni.

"Mwakani," mshona mapazia akamjibu.

Ngazi za ghorofa nne walizipanda kwa nusu saa, binti akipumzika kila kituo, na kila kituo akitupia jicho lifti iliyokufa. Huku juu kelele zilikuwa zimeanza. Walipoingia sebuleni mlango wa chumba cha safari ulikuwa pale pale, vidole viwili, na nyuma yake mtu anahema.

"Mmefika?" sauti ya Mwakani ilisema.

"Tumefika."

"Mtoto yupo?"

"Angekuwa wapi?"

"Msiondoke."

Binti alikaa kwenye mkono wa kochi, si kwenye kochi lenyewe, mtoto mapajani, begi miguuni. Ilikuwa saa tisa kasoro dakika kumi. Humo ndani msumeno ukaanza kukata hodhi, sauti mbaya, ya meno. Ukanyamaza. Kitu kikaburuzwa. Kikafuata kishindo, kisha mlio mrefu mwembamba wa vitu vingi vidogo, na Mama Pasi akafumba macho: ile ilikuwa taa, matone mia na ishirini. Kishindo cha pili kilikuwa kizito na kifupi. Sahani. Alisubiri mumewe alie, asikie hata "ah". Alisikia msumeno tu, umeanza tena.

"Baba," binti akaita, na sauti yake ilikuwa ya mtoto wa miaka saba aliyezoea kutojibiwa. "Unavunja vitu vyako."

"Naona," sauti ikajibu. "Vilikuwa vimeziba dirisha." Msumeno ukasimama kidogo. "Mwanangu, unajua chumba hiki kinaona bahari?"

Mama Pasi akakumbuka, kwa mbali, kama mtu anayekumbuka jina la mwalimu wa darasa la kwanza, kwamba siku walipoipanga nyumba ile mwenye nyumba alidai kodi ya juu kwa ajili ya jambo hilo hilo. Walikuwa wameilipia bahari miaka ishirini na miwili, na kuiwekea kichwa cha kitanda mbele.

"Si nyingi," sauti ikaongeza, maana ukweli nao ulikuwa umemwingia bila kugonga. "Kiasi cha taulo. Kati ya hoteli na hoteli. Lakini ipo."

Chini barabarani honi ikalia mara mbili.

Mshona mapazia, aliyekuwa amewafuata juu ili asipitwe na kitu, akaenda kwenye dirisha la jikoni, akakumbuka halitazami huko, akatoka ngazini, akarudi. "Gari la vinywaji," akatangaza. "Dereva anasema ana saa sita mbele yake, hawezi kukaa."

Binti akasimama. Akampakata mtoto vizuri, akainama kuchukua begi. Mama Pasi alitaka kusema kuhusu teke lile la usiku. Alitaka kusema kwamba mlango umezibwa na yeye, si na baba mtu peke yake, tena si kwa teke tu, bali kwa kila mwaka aliokaa kimya akinyoosha mashuka ya watu. Kilichotoka kinywani kilikuwa, "Nguo za mtoto nimezipiga pasi mara mbili."

Nyuma yao msumeno ukafika mwisho. Nusu ya hodhi ikaanguka upande, na mlango ukatikisika, ukaja: vidole vinne, kiganja, mkono mzima hadi kiwiko. Ukagota tena. Kwenye upenyo akatokea Mwakani, nywele zimejaa vumbi la miaka, kidevu kimechanika, kibao cha namba 614 kimenasa kwenye mkanda wake wa usalama. Nyuma yake mwanga ulikuwa wa rangi ambayo nyumba ile haikuwahi kuwa nayo.

Hakusema mwakani. Akatoa mikono yote miwili kwenye upenyo, viganja juu, akaitazama, akaona mafuta, akairudisha haraka kuipangusa suruali, akaitoa tena.

Honi ikalia mara tatu.

Binti alimtazama baba yake kwa muda mrefu, kama mpokeaji wageni anayetafuta jina kwenye daftari. Kisha akaweka begi chini. Akamgeuza mtoto ubavu, taratibu, akampitisha kwenye upenyo, kichwa kwanza. Nafasi ilimtosha, ile ile aliyoipima babu yake usiku, kuanzia kiganja hadi kiwiko.

"Shikilia shingo," akasema.

"Nimeshika."

"Na gari?" mshona mapazia akauliza. "Mwenzenu kule chini nimwambieje?"

"Mwambie mwakani," binti akasema.

Mshona mapazia akashuka, kwa mara ya kwanza bila la kuongeza. Mama Pasi akafunga vizuri kitambaa chake kichwani, akamsogeza binti kando, akamwambia mumewe asogee mbali na mlango akiwa na mtoto. Akaweka bega lake kwenye mlango, pale pale alipopiga teke, akasukuma kwa uzito wake wote, na vilivyobaki upande wa pili vikapasuka, vikateleza, vikatoa njia.

Ukafunguka.